Tufungue Macho: Konokono Asiye na Nyumba



Mwezi huu barua moja ya Kolwezi imetupa kazi. Ndugu mumoja, dereva wa kamyo, anapeleka mukuba mpaka bandari ya Dar es Salaam kwa njia ya Kasumbalesa, Zambia na Tunduma. Anaandika hivi:

"Pasta, niko na ulizo. Tulikawia siku ine ku Dar juu ya kungoja kushusha mizigo. Mutu mumoja akanionyesha bidoni. Ndani mulikuwa tunyama tudogo, teketeke, urefu wa kidole, rangi ya udongo, mistari-mistari. Akasema: hizi ni jongoo bahari changa, ku Asia wanazilipa bei kali, nunua bidoni yote, utaiuzisha mara tatu. Mufukoni nilikuwa na feza ya masomo ya watoto. Nikamuambia nitaleta jibu safari inayokuja. Akanipeleka hata ku pwani, wakati maji yametoka, akaniokotea ingine mu majani. Nilipoifinya kidogo ikatoa maji ya rangi ya zambarau. Pembeni nikaona kitu kingine, kijani kama jani, lakini kinatembea! Nikakitia mu chupa ndogo ya pombe kali nionyeshe watoto. Kufika nyumbani, kimebaki kipande cheupe tu. Pasta, ile ni jongoo bahari kweli? Bibi yangu anasema tusitoe hata franka moja. Rafiki yangu anasema tunapoteza bahati."

Ndugu dereva, jibu fupi kwanza, mbele upange safari ingine: bibi yako anasema kweli. Ile si jongoo bahari, changa wala mukubwa. Acha feza ya watoto mahali pake.

Sasa jibu refu. Mutu akikuambia tu "si yenyewe", kesho mwingine atakuambia "ni yenyewe kabisa", nawe utabaki katikati. Inapashwa ujue kutambua wewe mwenyewe.

Sisi watu wa inchi ya mabuye tunaelewa jambo hili vizuri. Kila jiwe la kijani si malakiti. Kila jiwe jeusi si kobalti, kwa maana manganezi nayo ni nyeusi. Muchimbaji mwenye akili anatazama rangi, kisha anapima uzito mukononi, anavunja, anatazama ndani, anauliza lilitoka shimo gani. Rangi ni mwanzo wa maneno, si mwisho wake. Na ku bahari ni vile vile.

SHAMBA CHINI YA MAJI

Pwani ya Tanzania maji ya bahari yanapanda mara mbili kwa siku na kushuka mara mbili. Karibu na mwezi mupya na mwezi mupevu yanapanda sana na kushuka sana. Watu wa pwani wanaita siku hizo bamvua. Pale Dar es Salaam na Unguja, siku za bamvua tofauti kati ya maji ya juu na maji ya chini inapita metre 3. Basi mahali palipokuwa na maji ya kuzamisha mutu, nyuma ya saa sita hivi unatembea kwa miguu.

Unapotembea pale unakanyaga majani mengi. Hayo si mwani. Mwani hauna mizizi ya kweli wala maua. Majani haya yana mizizi ndani ya muchanga, yana maua, yana mbegu, sawasawa na majani ya shamba. Wenye elimu wanayaita nyasi za bahari. Pwani ile iko na aina zaidi ya 10: zingine pana kama mukanda, zingine nyembamba kama uzi. Samaki wengi wanakulia humo, kama vile tasi na changu, na wanawake wa pwani wanafika pale maji yakitoka kuokota chaza na kombe kwa chakula cha jamaa.

Ndani ya majani hayo munaishi pia konokono wasio na nyumba. Jamaa yao ni ya konokono, ya kombe na ya pweza. Wazazi wao wa zamani sana walikuwa na gamba mugongoni. Wao, wengi wamebaki bila gamba, ao wanalo dogo lililofichwa chini ya ngozi. Wengine ni wadogo kama punje ya muchele, wengine kama kidole, wachache wanajaza mikono miwili. Kila mumoja ni dume na jike pamoja, na wengi hawapitishi mwaka moja wa maisha.

JONGOO AO KONOKONO?

Jongoo bahari si wa jamaa ya konokono hata kidogo. Ndugu zake ni nyota ya bahari na urchini yenye miiba. Tazama sasa alama moja kwa moja.

Ya kwanza, kichwa. Mutie munyama katika sahani nyeupe yenye maji ya bahari, umuache atulie. Konokono ataanza kutembea, na mbele utaona kichwa chenye pembe laini. Jongoo bahari hana kichwa cha namna ile wala pembe. Iko na kinywa upande moja, na vidole vidogo vya kukusanya chakula vinavyokizunguka kama ua.

Ya pili, tumbo. Konokono anatembea juu ya mguu moja mupana, laini, unaoteleza. Jongoo bahari wengi wana miguu midogo mingi sana yenye kushika, kama vifungo vya shati.

Ya tatu, ngozi. Ngozi ya jongoo bahari ina vipande vidogo-vidogo vya chokaa ndani yake, ndiyo sababu mara nyingi ni nzito na ngumu mukononi. Konokono asiye na nyumba ni teketeke.

Ya ine, maji ya rangi. Hapa ujichunge. Wengi wanasema: akitoa rangi ni sungura wa bahari, basi. Hapana. Kuko jongoo bahari mumoja mweusi, ukimusugua anaacha rangi nyekundu-nyekundu mukononi. Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi. Hesabu pembe.

Ya tano ni ya biashara. Jongoo bahari hauzishwi akiogelea ndani ya bidoni. Anapasuliwa, anatolewa tumbo, anachemshwa, anakaushwa mpaka anakuwa mugumu kama kipande cha muti. Ndivyo wanunuzi wanamutaka. Konokono teketeke ukimuchemsha na kumukausha, unabaki na ngozi kidogo isiyo na faida. Tena biashara ya jongoo bahari yenyewe iko na sheria na ruhusa zake. Mugeni anayepita mupaka na mizigo hiyo bila karatasi anaweza kupoteza feza, mizigo na hata kazi yake.

MILANGO INE YA KUINGILIA

Sasa tumejua ni konokono. Lakini ni konokono gani? Ndani ya majani ya bahari kuko makundi ine unayoweza kutenga kwa macho tu, ao kwa lupe ndogo.

Sungura wa bahari. Ana pembe ine: mbili pembeni ya kinywa, mbili nyuma kidogo zinazosimama kama masikio ya sungura. Waroma wa zamani walikwisha kumuita hivyo. Mugongoni ana mikunjo miwili ya ngozi, na katikati yake munakaa kifaa cha kupumulia. Wengi wakisumbuliwa wanatoa wino wa zambarau. Anakula mwani na utelezi unaoota juu ya majani.

Jani linalotembea. Ni kijani, ana pembe mbili zilizokunjwa kama karatasi ya kuviringisha tumbako, na mugongoni mabawa mawili ambayo anayafunga ao kuyafungua. Kundi lake kubwa linaitwa Elysia.

Konokono mwenye jembe. Hana pembe kabisa. Kichwa chake ni ngao pana kama jembe, anachimba nacho ndani ya muchanga na matope. Wengi wa kundi hili wamebaki na gamba jembamba kama karatasi. Haminoea ni mumoja wao.

Konokono mwenye mapafu inje. Ana pembe mbili kichwani. Wengine wana ua la nyuzi kule nyuma mugongoni, ndilo la kupumulia. Wengine mugongo wote umejaa vidole vidogo-vidogo. Katika hao wa vidole, wengi wanakula wanyama wenye kuuma kama upupu, wanatunza zile sindano za sumu bila kuzivunja, na kuziweka katika ncha za vidole vyao. Silaha ya adui inakuwa silaha yao.

Na kuko mudanganyi mumoja: munyoo mupana wa bahari. Ana rangi nzuri kama wao, lakini ni mwembamba kama karatasi, hana mguu wa konokono, hana kifaa cha kupumulia. Pembe zake mara nyingi ni mikunjo tu ya ngozi ya mbele.

TURUDILIE BIDONI

Ndugu dereva, wanyama wako walikuwa na urefu wa kidole, rangi ya udongo, mistari, wino wa zambarau. Alama hizo zinaelekea kwa sungura wa bahari. Kama walikuwa na mukia murefu unaochongoka na vidoa vya buluu katikati ya mistari, basi inafanana sana na yule anayeitwa Stylocheilus striatus, anayeishi kwa vikundi vikubwa mahali penye utelezi mweusi-mweusi juu ya majani. Ndiyo maana yule mutu alijaza bidoni upesi. Hakuzamia mbali. Aliokota tu.

Onyo kwa wazazi: utelezi ule mara nyingi uko na sumu, na sungura huyu anaikusanya mwilini mwake bila kufa. Asiliwe. Mutoto akimushika, anawe mikono mbele ya kugusa macho ao kinywa. Si mambo ya kuogopesha bure. Mwaka 2009, ku New Zealand, imbwa walikufa ku pwani za Auckland, na wenye elimu wakavumbua kwamba konokono mumoja wa kijivu wa kundi lingine alikuwa na sumu kali, ile inayojulikana katika samaki bunju.

Lakini sumu ile ile inaweza kuwa mulango wa dawa. Kuko sungura wa bahari mukubwa anayeitwa Dolabella auricularia, nyuma yake kumekatwa kama sahani iliyolala upande. Anaishi katika majani ya bahari ya Hindi, Tanzania pia. Mwanakemia Mwamerika George Robert Pettit na wenzake walikusanya wengi katika bahari ya Hindi, na mwaka 1987 wakatangaza umbo la kitu kimoja kilichoua chembe za kansere. Walikiita dolastatini 10. Kutoka kwa mufano wake watu walitengeneza dawa ya kansere ya tezi za mwili inayoitwa brentuximab vedotin, iliyokubaliwa ku Marekani mwaka 2011. Baadaye ilionekana kwamba kitu kile kinatengenezwa na utelezi wenyewe, na sungura anakipata kwa chakula. Je, wangefika pale kama mutu wa kwanza angeandika tu "konokono fulani"? Jina la kweli na mahali pa kweli ndivyo vilisaidia wengine kurudia njia.

LILE JANI LAKO

Na lile jani la kijani? Inaelekea ni Elysia. Kanyama haka kana mustari moja wa meno. Kanatoboa chembe ya mwani kwa jino moja, kananyonya ndani yake. Vile viwanda vidogo vya kijani ambavyo mwani unatumia kutengeneza chakula kwa nuru ya jua, Elysia wengi hawavisagi vyote. Wanavitunza katika mwili wao, ndiyo rangi yao. Aina moja ya pwani ya mashariki ya Amerika, Elysia chlorotica, inaweza kukaa navyo miezi mingi. Mwaka 2021 watu wawili wenye elimu ku Japani walionyesha jambo lingine: Elysia marginata inaweza kukata shingo yake yenyewe na kuacha mwili wote pamoja na moyo. Kichwa kinaendelea kutembea na kula, na yapata nyuma ya majuma matatu mwili mupya umekwisha kuota.

Rangi yake ilipotea kwa sababu ya pombe. Pombe inatunza nyama lakini inafuta rangi. Jambo hili limesumbua hata wakubwa. Charles Eliot, Mwingereza aliyetawala Afrika ya Mashariki ya Waingereza mpaka mwaka 1904, alikuwa anachunguza konokono hawa wa Zanzibar, wengine wakiwa wamekusanywa na Cyril Crossland mwaka 1901 na 1902. Aliandika habari zao mara nyingi kati ya 1902 na 1904. Mutu wa kazi ile anahitaji habari ya rangi iliyoandikwa munyama akiwa muzima. Bila hiyo, chupa inabaki na kipande cheupe, sawasawa na chako.

DAMU YA MUKUBA

Wachimbaji watafurahi kusikia hii. Damu yetu inabeba hewa kwa nguvu ya chuma, ndiyo maana ni nyekundu. Damu ya konokono wengi, na ya sungura wa bahari pia, inabeba hewa kwa nguvu ya mukuba. Ikishika hewa inaelekea rangi ya buluu. Mukuba ule ule unaochimbuliwa kwetu, kidogo sana, unakimbia katika mwili wa kanyama ka Dar es Salaam.

Lakini kidogo ni uzima, kingi ni kifo. Maji yenye mukuba mwingi yanaua konokono. Watu wametumia chumvi ya buluu ya mukuba kuua konokono wa maji wanaoleta bilarizia. Basi ukiona muto karibu na kiwanda umebaki na mabuye matupu, bila konokono hata mumoja, bila samaki, usiseme "maji yamesafishwa". Uliza swali. Konokono ni mulinzi anayepiga kelele kwa kutoonekana.

Na wanapokuwa wengi, nao wanafanya kazi. Ku California, mahali panapoitwa Elkhorn Slough, utafiti uliotoka mwaka 2013 ulionyesha mufuatano huu: fisi-maji wa bahari walirudi, wakala kaa, kaa wakapunguka, tunyama tunaokula utelezi tukaongezeka, kati yao sungura mudogo wa bahari Phyllaplysia taylori, utelezi ukaondoka juu ya majani, majani yakapata jua, shamba likapona. Aliyeonekana kuwa takataka alikuwa mufagiaji.

USIPITE MWISHO WA MACHO YAKO

Neno la mwisho kwa wanaopenda kujua. Kwa kutazama tunafika ku kundi, mara nyingi. Kufika ku jina la mwisho ni kazi ngumu. Sungura mudogo aliyeitwa Aplysia parvula alihesabiwa miaka mingi kuwa aina moja ya dunia nzima. Utafiti wa mwaka 2019 uliochunguza urizi ulio ndani ya mwili ulionyesha ni aina nyingi zinazofanana. Basi kusema "ni Elysia" na kunyamaza pale, ni kusema kweli. Kuongeza jina usiloliona ni kuuzisha bidoni kama yule mutu.

Siku ingine ukifika pwani wakati wa bamvua, fanya hivi. Tembea polepole, using'oe majani. Mutie kanyama katika sahani yenye maji ya bahari, na uiweke ku kivuli. Piga foto tatu kwa telefone: juu, pembeni, na chini kupitia kioo ao chupa safi. Weka kipimo cha milimetre karibu. Andika tarehe, mahali, na alikuwa juu ya jani gani ao mwani gani, kwa maana wengi wao chakula chao ni alama sawasawa na rangi. Tazama kama kuko mayai: sungura wa bahari anaacha uzi murefu uliochanganyika kama makaroni, wengine wengi wanaacha utepe uliozunguka kama saa ya kuviringisha. Kisha umurudishe pale pale ulipomutoa. Watoto wako wataona rangi nzuri ku foto kuliko mu pombe.

Na yule mutu wa bidoni, usimupigishe kelele. Muombe tu amutie mumoja ndani ya sahani nyeupe, muhesabu pembe pamoja. Kama anakataa kuhesabu, umekwisha kupata jibu, na feza ya masomo itarudi salama Kolwezi. Umusalimie bibi yako.

MAZUNGUMUZO YA JAMAA

1. Baba na mama: ni mara ngapi tumenunua kitu kwa rangi yake tu? Ni alama gani ingine tungetazama?

2. Watoto: tafuteni konokono wawili wa bustani ao wa muto. Andikeni tofauti tano kati yao. Msitumie rangi.

3. Wote: ku muto wetu wa karibu, konokono wako ao hapana? Wazee wanakumbuka nini?

Tuonane mwezi ujao.